Punda wa Asilimia Kumi na Saba

3 Machi

Mdogo wangu,

Mama anauliza kama bado tunaandikiana. Nimemwambia amri yake ingali inatimizwa. Tangu siku ile tulipokatiana simu mara nne kabla ya chai ya asubuhi, mimi nikikuita kichwa kigumu nawe ukiniita redio isiyo na kitufe cha kuzimia, hatujapigiana tena. "Andikianeni," alisema, "mkono huchoka kabla ya mdomo." Wako labda. Wangu haujawahi kuchoka, na ndiyo maana nina blogu.

Sasa nisikilize. Nina wiki moja kabla ya makala ijayo, na sina mnyama.

Usicheke. Wiki jana nilichapisha makala bora kuliko zote nilizoandika kwa miaka kumi na miwili: jinsi wastani unavyoweza kusema uongo. Mwezi mzima wa kazi. Imesomwa na watu arobaini na mmoja, na mmoja wao ni mimi nikihakiki koma. Mwaka jana niliandika kuhusu popo anavyolala kichwa chini miguu juu, kazi ya alasiri moja, wakaja elfu kumi na mbili. Ndivyo walivyo wasomaji wa sayansi. Ukitaka kuwaeleza shinikizo la damu, mtafute twiga. Ukitaka kuwaeleza uwezekano, mtafute mjusi avuke barabara. Bila mnyama unajisomea mwenyewe.

Na yule Daktari wa Meno, ambaye angepaswa kushughulika na magego ya watu, ameniita kwenye blogu yake "mzee wa popo". Yeye ana paka mmoja, kiziwi, analala kwenye kiti cha wagonjwa, na keshamtumia katika makala sitini. Paka mmoja ameeleza usingizi, uzee, mvutano wa dunia na hali ya hewa!

Wewe unashinda zizini. Nitumie mnyama. Awe wa kweli, awe na namba, mengine niachie mimi. Ila usinipe kitu kinachoishia na "uchunguzi zaidi unahitajika". Hiyo ni sentensi ya waoga. Mtu akiishiwa na uti wa mgongo huiandika, huweka nukta, huenda zake kunywa chai. Haijaingia kwenye ukurasa wangu na haitaingia nikiwa hai.

Kaka yako,
mwenye blogu ya Chanzo Chako Nani?

*

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na gari la pumba, imechafuka kidogo upande wa matusi.

Mnyama ninaye. Unajua kituo chetu kina mbuzi wa maziwa arobaini na wawili, na meneja mpya anayetaka kila kitu kiwe cha kisasa. Pia tuna punda mzee anayeitwa Katibu, kwa sababu kila asubuhi husimama mlangoni mwa ofisi kama anangoja kusaini kitu. Alikuwa anavuta mkokoteni wa maji mpaka tulipowekewa bomba. Mwezi uliopita nilimhamishia zizi la mbuzi.

Basi, kaka, tangu aingie mle mbuzi wametulia. Hawapigani pembe, hawarukii uzio. Na maziwa yamepanda kwa asilimia kumi na saba.

Wafugaji wa zamani wanalijua jambo hili, ila hawana blogu. Usinitaje, wala usitaje kituo. Sema tu "kituo kimoja". Na ukiweza, itoke Jumatatu hii inayokuja. Meneja wetu hukusoma kila Jumatatu na chai yake, anasema wewe ndiye mwanasayansi pekee asiyemung'unya maneno.

Mdogo wako

*

18 Machi

Mdogo wangu, mboni ya jicho langu,

Elfu kumi na tisa! Na hesabu bado inapanda ninapokuandikia.

Nimeipa kichwa "Punda Anayetuliza Mbuzi". Nimeeleza yote: mnyama mkubwa asiye na haraka anavyopunguza hofu ya kundi, hofu inavyobana maziwa, na jinsi babu zetu walivyokuwa na maabara bila kuwa na kuta. Mstari huo wa mwisho wameusambaza hata wasioujua wastani ni nini. Redio moja imenihoji. Mama alisikiliza, akasema nilipumua mara mbili tu katika dakika kumi.

Daktari wa Meno, kwa wivu unaonuka kama dawa ya kusukutulia, ameuliza hadharani chanzo changu ni nani. Ananiuliza mimi! Nimemjibu: "Chanzo changu kinavaa mabuti na kinashinda zizini. Chako kinalala kwenye kiti na hakisikii."

Mpe Katibu karoti kwa niaba yangu.

Kaka yako

*

20 Machi

Kwa mwenye Chanzo Chako Nani?,

Ndugu mpinzani,

Nakuandikia kando ili nisikuaibishe mbele ya wasomaji elfu kumi na tisa. Nina maswali matatu. Mbuzi walipimwa siku ngapi kabla ya punda, na siku ngapi baada yake? Kundi lisilo na punda, la kulinganishia, lilikuwa wapi? Na mwezi huo chakula chao hakikubadilika?

Miaka sita iliyopita, nilipoandika kwamba paka wangu huhisi mvua kabla haijanyesha, ulinijibu hivi, nimeihifadhi: "Namba isiyo na daftari ni porojo iliyovaa tai." Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikamwekea paka daftari. Hahisi chochote. Nilikiri kwenye ukurasa wangu, nawe ukaniandikia "afadhali" bila hata nukta.

Sasa ni zamu yako. Nakupa muda mpaka katikati ya Aprili kabla sijachapisha. Ninapong'oa jino humchoma mtu sindano ya ganzi kwanza. Barua hii ndiyo sindano.

Daktari wa Meno

*

22 Machi

Mdogo wangu,

Nitumie daftari la maziwa. Si lote, kurasa za miezi miwili tu. Mambo ya kawaida, sina wasiwasi wowote.

Litume na gari la pumba la kwanza.

Kaka yako

N.B. Likiwa kubwa, nakili kwa mkono. Likiwa limelowa, likaushe. Likiwa halisomeki, nieleze kwa nini halisomeki. Sina wasiwasi.

*

29 Machi

Kaka,

Nina habari njema nyingi, nianze nazo.

Meneja ameichapisha makala yako kwenye karatasi na kuibandika ubaoni, juu ya ratiba ya chanjo. Wiki jana walikuja wageni kutoka vituo vitatu kumtazama Katibu. Walisimama, wakamtazama, naye akawatazama. Wakaondoka wameridhika. Na jana tumeletewa kipeperushi kutoka ofisi ya mifugo: wafugaji wanashauriwa kuweka punda mmoja kwa kila mbuzi arobaini, "kwa kuwa utafiti umeonyesha ongezeko la asilimia kumi na saba". Chini, kwa maandishi madogo, wametaja chanzo. Chanzo ni wewe.

Basi chanzo chao ni wewe, chanzo chako ni mimi, na mimi, kaka, kaa chini kwanza.

Umekaa?

Daftari la maziwa lipo, halijalowa, linasomeka. Maziwa ni yale yale. Mbuzi hawajatulia hata kidogo, mmoja anamtafuna Katibu manyoya ya mkia. Namba ile niliitunga nikiwa nimekalia ndoo. Kumi na tano ingeonekana nimekisia. Ishirini ingeonekana naongopa. Kumi na saba ilikuwa na sura ya mtu aliyepima.

Mnunuzi wa ngozi za punda hupita hapa kila mwisho wa mwezi. Meneja alikuwa keshampa jina la Katibu: mnyama hazalishi, hapimwi, hayumo kwenye mpango wa kituo. Nilimwomba mara tatu. Mara ya tatu alinijibu, "Nionyeshe kitu cha kisayansi." Daftari langu la maziwa liko hatua sita kutoka mezani pake, hajawahi kulifungua, maana halina picha ya popo. Wewe anakusoma.

Nawe nilijua hutaniuliza. Kwa miaka kumi na miwili unamuuliza kila mtu chanzo chake, hata daktari aliyempima Mama macho. Mimi hujawahi kuniuliza. Ni mdogo wako, na wewe ulinifundisha kusoma.

Mdogo wako

*

4 Aprili

Wewe,

Nimeandika barua nne kabla ya hii na zote nimezichana. Ya pili ilikuwa na maneno ambayo Mama hajui kama nayajua.

Miaka kumi na miwili! Nimewavua nguo waganga wa redioni, wauza maji ya miujiza, mkufunzi mmoja aliyesema tunatumia robo ya ubongo (yeye labda). Silaha yangu ilikuwa moja: chanzo chako nani? Leo ofisi nzima ya mifugo inawaambia watu wanunue punda kwa sababu wewe ulikalia ndoo!

Nitasahihisha. Jumatatu tarehe 14, juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa. Usinililie. Kuna mtu mahali ana mbuzi arobaini na anahangaika kutafuta punda kwa ajili ya sentensi yangu. Huyo naye ana haki.

Kosa ni langu, hilo nalo nitaliandika. Namba ingetoka kwa mtu mwingine ningeikata kichwa kabla haijakaa kitako. Ilitoka kwako, nikaifungulia mlango na kuipa kiti.

Naishi ghorofa ya tatu. Ngazi ni hamsini na nne, nimezihesabu asubuhi hii. Upana wake ni kama mikono miwili. Punda mzee anaweza kupanda ngazi? Nauliza kwa ajili ya elimu tu. Anakula nini?

Kaka yako, bado

*

9 Aprili

Kaka,

Sahihisha. Sitakuomba unyamaze. Nilijua kwamba kama ningekuomba hivyo, ningekuwa nakuomba uwe mtu mwingine.

Punda anaweza kupanda ngazi. Hawezi kushuka. Usithubutu.

Ila nikueleze alivyo, usije ukasahihisha habari za mtu usiyemjua. Amekuwa hapa miaka kumi na tisa. Mwaka ule pampu ilipoharibika alivuta maji wiki tatu, safari nane kwa siku, na kuanzia siku ya tano hakuna aliyemwongoza. Tulikuwa tunajaza madumu kisimani, tunampiga kofi mgongoni, anakwenda peke yake mpaka jikoni, anasimama, anapakuliwa, anageuka, anarudi. Siku bomba lilipowashwa alikwenda kisimani kama kawaida, akasimama pale mpaka jua likazama. Kesho yake ndipo alipoanza kuja kusimama mlangoni mwa ofisi. Tulicheka, tukamwita Katibu. Nadhani alikuwa amekuja kuuliza kazi.

Meneja akisoma masahihisho yako asubuhi ya tarehe 14, Katibu ataondoka tarehe 30. Nakuambia ili ujue. Siyo ili ubadilike.

Mdogo wako

*

11 Aprili

Kwa Daktari wa Meno,

Ndugu mpinzani,

Nimeiacha barua hii kwa karani wako mapokezi. Paka wako alikuwa ameikalia kalenda ya miadi, sikumsumbua.

Hakuna daftari. Hakuna kundi la kulinganishia. Namba ilitungwa, nami niliichapisha bila kuuliza kwa sababu aliyenipa ni dada yangu mdogo, wa tumbo moja. Jumatatu nitayasema haya yote mbele ya watu, bila ganzi. Umeshinda. Furahi, lakini furahi upesi, maana nina ombi.

Nakuomba unipinge zaidi.

Nikisema Jumatatu kwamba punda hatulizi mbuzi, na wewe ukinyamaza, punda mmoja mzee atauzwa kwa mnunuzi wa ngozi. Lakini fikiri: nani amepima kwamba hawatulizi? Hakuna! Dada yangu hakupima lile, nami sijapima hili. Kukanusha nako kunahitaji chanzo. Nishike hapo hapo. Nikate koo hadharani. Dai jaribio la kweli, kwenye kituo kile kile, kwa punda yule yule. Nidharau ukitaka, unajua jinsi. Mwite meneja kwa cheo, mwambie sayansi inamtazama.

Sijawahi kumwomba mtu yeyote jambo, kwa hiyo kama nimekosea adabu ya kuomba, nisahihishe.

Chanzo Chako Nani?

*

12 Aprili

Kwa Chanzo Chako Nani?,

Ndugu mpinzani,

Nimekusoma kati ya mgonjwa wa gego na mgonjwa wa meno ya bandia, nikacheka mpaka huyo wa pili akahofia nimeona kitu kinywani mwake.

Makala yangu itatoka Jumatatu, saa moja baada ya yako. Kichwa chake: "Mzee wa Popo Akosea Mara Mbili". Nimeyaweka haya. Mbuzi wagawanywe makundi mawili. Punda akae na kundi moja msimu mzima, kisha ahamie la pili, na kuendelea hivyo. Maziwa yapimwe kila siku na mtu asiyejua punda yuko wapi. Punda awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, maana ukimbadilisha umebadilisha kipimo. Na kwa kuwa mbuzi ni wachache na maziwa hupanda na kushuka kwa sababu mia, nimepiga hesabu ya muda unaohitajika ili jibu liaminike.

Ni miaka tisa.

Nimeirudia hesabu mara mbili. Sijaisukuma hata kidogo, mimi si kama ndugu yako. Dunia ndivyo ilivyo: ukweli mdogo huchukua muda mrefu kupimika.

Punda ana umri gani? Kama ana zaidi ya ishirini, mlinde meno. Wazee wengi hufa njaa mbele ya chakula kwa sababu magego yamechongoka. Nitakuja kumtazama. Sijawahi kufanya kazi kwenye mdomo mkubwa hivyo.

Paka alishatumikia makala sitini. Naona anastahili likizo.

Daktari wa Meno

*

16 Aprili

Kaka,

Jumatatu chai ya meneja ilipoa.

Alisoma yako, akawa mwekundu wa masikio. Akanyanyuka na kuing'oa ile karatasi ubaoni. Akaniita. Nilikwenda nikiwa nimekwishakunja mabuti yangu kwenye mfuko, nikijua naondoka mimi na Katibu pamoja. Akasema, "Huyu ndugu yako anasema wewe ndiye uliyeitunga." Nikasema, "Ndiyo, bosi." Akasema, "Kwa nini?" Nikasema, "Ulitaka kitu cha kisayansi."

Hapo simu yake ikalia. Mtu alikuwa amemtumia makala ya Daktari wa Meno. Aliisoma amesimama. Alipofika pale palipoandikwa "macho ya sayansi yanamtazama Meneja wa kituo hicho", alikaa. Akaisoma tena. Akajifunga kifungo cha shati cha juu.

"Wewe," akaniambia, "umenitia aibu, na utaandikiwa barua ya onyo." Nimeandikiwa, ninayo, ina makosa mawili ya tarehe. "Na kuanzia leo hutagusa daftari la maziwa." Sawa. Kisha akatazama nje, mlangoni, ambako unajua nani alikuwa amesimama.

"Yule asitoke hapa," akasema. "Yule ni kipimo."

Mdogo wako

*

27 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Msimu wa kwanza umekwisha. Meneja sasa anajiita mtafiti mkuu na ameagiza koti jeupe. Katibu ameingizwa kwenye orodha ya vifaa vya kituo, kati ya mizani na jokofu, na kifaa cha utafiti hakiuzwi bila kikao cha watu watano, ambao hawajawahi kukutana. Mnunuzi wa ngozi amepita mara sita. Safari ya mwisho hakushuka hata garini.

Daktari wa Meno alikuja mwezi wa nane na tupa ndefu kama mkono wangu. Alimsawazisha Katibu magego mawili huku akimweleza hatua kwa hatua, "sasa utasikia mtikisiko kidogo, mzee." Katibu anatafuna vizuri. Ametafuna na mfuko wa daktari.

Haya, matokeo. Kundi lenye punda limezidi kwa kikombe kimoja cha maziwa. Si kila siku. Msimu mzima. Meneja anataka kujua kikombe hicho kina maana gani, na anasema atafuata utakachoandika wewe, kwa kuwa uliwahi kukosea ukasema.

Mdogo wako

*

3 Novemba

Mdogo wangu,

Ripoti nimeiandika pamoja na Daktari wa Meno, mezani kwa Mama, maana tulihitaji mtu wa kutunyamazisha. Imesomwa na watu thelathini na wanane. Haina hata neno moja la kutia chumvi. Picha ya Katibu ningeweza kuiweka juu, nikaiacha. Aone meneja kwamba namba zinaweza kusimama bila masikio marefu.

Kikombe kimoja hakina maana. Hilo tumeliandika wazi, aya ya pili. Hatusemi anatuliza. Hatusemi hatulizi. Na ofisi ya mifugo imekifuta kipeperushi chake, nimekwenda mwenyewe kuhakikisha. Mlinzi wa getini ananifahamu kwa sauti.

Ilibaki sentensi ya mwisho. Daktari alinisogezea kalamu. Nikamwambia aandike yeye, yeye ni mzoefu wa maumivu ya watu. Akakataa. Mama, aliyekuwa anachambua mchele na hajui hata jambo lenyewe ni nini, akasema, "Andika, baba, usiku usitukute hapa."

Kwa hiyo nimeiandika, kwa mkono huu usiochoka. Niliitazama kwa muda. Ni sentensi mbaya kama nilivyosema siku zote, haina mifupa, ingeweza kumwagika mezani. Kisha, kwa mara ya kwanza, niliisoma kama ingesomwa na mtu aliyesimama mlangoni mwa ofisi akiuliza kazi.

Uchunguzi zaidi unahitajika.

Nimeipigia mstari chini, mara mbili, ili meneja asije akairuka.

Kaka yako